Nchi ya Ahadi juu ya Uwanda wa Uasin Gishu

Mwezi wa Julai mwaka 2015 zilienea habari katika mji wa Eldoret na vitongoji vyake kwamba mzee mmoja wa kijiji cha Chemororoch, aliyeishi miaka mingi akijiita Jehova Wanyonyi na kudai kuwa yeye ndiye Mwenyezi Mungu aliyeshuka kukaa na watu wake, amefariki dunia. Na kabla habari hizo hazijapoa midomoni mwa watu, wafuasi wake, ambao walijiita Waisraeli Waliopotea, walizikanusha, wakasema hakufa, wakawa wanamngoja kama angojewavyo mwenye nyumba aliyetoka safari. Mjini wengi walicheka, wacha Mungu wakaghadhibika, na magazeti yakapata habari ya kuuza kwa juma moja au mawili. Kisha ikasahauliwa. Lakini mimi niliona wakati ule, na naona hata sasa, kwamba kicheko hakitoshi na ghadhabu haitoshi, maana boma lile la Chemororoch halikuota kama uyoga baada ya mvua ya usiku mmoja. Lilikuwa na baba na babu, na nasaba yake yaweza kuhesabiwa nyuma miaka 100 na zaidi juu ya uwanda huu huu wa Uasin Gishu, tokea siku ambazo Eldoret yenyewe haijapata jina.

Tuanze na hilo jina la Israeli, kwa kuwa ndilo lililowachekesha watu zaidi. Yumkini wengi wa waliocheka hawakujua kwamba uwanda huu ulikwisha kutajwa kuwa makao ya Waisraeli kabla Mluhya yeyote hajajiita Mwisraeli. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, ambaye miezi michache nyuma alikuwa ameipanda reli mpya kutoka Mombasa na kuiona nchi ya juu ilivyo na ubaridi na majani, alitoa rai kwa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya kwamba wapewe ardhi katika Afrika ya Mashariki, wapate kukimbilia huko ndugu zao waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa majumbani mwao katika Urusi. Theodor Herzl aliiweka rai hiyo mbele ya mkutano wao mkuu mjini Basel mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na mkutano ukagawanyika kwa uchungu mkubwa, hata wajumbe wengine wakatoka nje wakilia, kwa kuwa waliona kuwa kukubali nchi nyingine ni kuisaliti Sayuni. Hata hivyo walituma watu watatu kuja kuikagua, nao waliutembea uwanda wa Uasin Gishu mwanzoni mwa mwaka 1905, wakarudi na ripoti zisizokuwa na sifa nyingi, na mkutano wa mwaka huo ukaikataa ardhi hiyo moja kwa moja. Katika shauri hilo lote Mnandi hakuulizwa, wala Mmasai, wala Mwelgeyo aliyekuwa akipandisha ng'ombe zake kutoka bondeni. Na mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo wa 1905 Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wao wa vita na wa mambo ya ghaibu pamoja, aliuawa kwa risasi na Waingereza waliomwita kuja kupatana.

Miaka mitatu baadaye wakaja Waisraeli wa aina nyingine. Hawa walikuwa Makaburu, watu wa Afrika ya Kusini waliotoka wamechoka katika vita vya 1899 hadi 1902, wakiongozwa na Jan van Rensburg, wakasafiri kwa meli mpaka Mombasa, na kwa gari la moshi mpaka Nakuru, na kutoka Nakuru wakapanda kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakikata miti mbele yao na kuzama katika matope nyuma yao, hata mwezi wa Oktoba 1908 walipoufikia uwanda. Walikuja familia nzima nzima, wazee na watoto, na Biblia katika kila gari, na katika imani yao walikuwa wamezoea tangu enzi za babu zao kujifananisha na Wana wa Israeli waliotoka Misri kwa mkono wa Bwana. Mashamba yalipimwa yakatiwa nambari, na posta ikasimama katika shamba la 64, ndiyo maana hata leo utamsikia mzee wa Kikalenjin akisema anakwenda Sisibo, naye ana maana ya mjini. Jina la Eldoret lilikuja kidogo baadaye, nalo limetokana na neno la Kimasai la mto wenye mawe, ambao ndio huu Sosiani unaopita katikati ya mji. Reli ikawasili mwaka 1924.

Basi hapo ndipo ilipo asili ya mambo yetu. Maana shamba la mahindi na ngano halijilimi lenyewe, na Makaburu na Waingereza waliowafuata walihitaji mikono, na mikono hiyo ilitoka kwa Wanandi wa jirani, na kwa Waluhya wa Kavirondo ya Kaskazini, hasa Wabukusu na Wamaragoli, ambao walipanda na wake zao na mbuzi wao, wakapewa kipande cha ardhi pembeni mwa shamba la mzungu, wajenge na kulima humo maadamu wanamfanyia kazi. Waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kufanya kazi siku 180 kwa mwaka, na sheria ya 1937 iliwapa masetla wa kila wilaya uwezo wa kuziongeza siku hizo, hata 270, na kupunguza mifugo ambayo skwota aweza kuwa nayo. Mtu aliweza kuzaliwa katika shamba, akaoa katika shamba, akawazika wazee wake katika shamba, na siku ambayo bwana amekasirika, au ameuza, au amenunua trekta, akaamriwa aondoke na vyombo vyake kichwani. Kaburi la baba yake likabaki chini ya ngano ya mtu mwingine. Msomaji akitaka kufahamu ni kwa nini watu wa namna hii walijiita Israeli, asitafute mbali zaidi ya hapo. Katika Biblia waliyosomewa waliwakuta watu waliotumikishwa katika nchi isiyo yao, wakaahidiwa nchi, wakajitambua mara moja.

Lipo na neno la pili ambalo inafaa tulitulie kidogo, nalo ni neno dini. Neno hili sisi wa pwani tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na kwa maana yetu ya asili dini ni mwenendo mzima wa mtu, jinsi anavyokula na anavyooa, anavyorithi na anavyozikwa, wala si jambo la siku moja katika juma. Lilipopanda bara kwa misafara na baadaye kwa reli, wamisionari walilitwaa likawa jina la kanisa na mafundisho yake; kisha manabii wa Kiluhya na wa Kijaluo wakalitwaa mikononi mwa wamisionari, wakalirudisha katika upana wake wa kwanza. Ndiyo maana nyingi za harakati hizi zina majina ya Kiswahili, Dini ya Roho, Dini ya Israeli, Dini ya Msambwa, hata maofisa wa Kiingereza wakaacha kulitafsiri, wakawa wanaandika dini katika ripoti zao kama jina la hatari fulani ya kuchunguzwa na polisi. Mtu aliyeingia katika dini, kwa maana hii, aghalabu alikuwa ameingia katika mji, yaani boma lenye mwenyewe, lenye sheria zake za chakula na za usafi, saa zake za kuamka na za kusali, na mahali pake pa kuzikwa.

Cheche ya kwanza ya hizo dini za Roho ilitoka Kaimosi, kilipokuwa kituo cha Wakweka kilichofunguliwa mwaka 1902. Mwaka 1927 mmisionari Arthur Chilson aliwahubiria vijana wa pale habari za Roho Mtakatifu, na Roho, kama wao wenyewe walivyosema, akawashukia kwa nguvu ambayo wakubwa wa misheni hawakuitazamia, wakawa wanalia na kutetemeka na kuungama dhambi zao hadharani na kusema kwa lugha; misheni ikaogopa, ikawakataza, na waliokataa kukatazwa wakatolewa. Wakawa hawana kanisa, na jamaa zao wengi wakawafungia mlango, basi wakakaa pamoja. Upande wa Wajaluo, Alfayo Odongo Mango, aliyekuwa shemasi wa kanisa la Kianglikana, aliwakusanya watu wa Roho katika boma lake huko Musanda, juu ya ardhi iliyokuwa ikigombaniwa na Wajaluo na Wawanga, wakahamia huko waume kwa wake, wakifunga na kusali usiku na kuota ndoto na kuzifasiri, hata mwezi wa Januari 1934 boma lilipovamiwa na kutiwa moto, Mango akafia ndani ya nyumba yake pamoja na mpwa wake Lawi Obonyo na baadhi ya wafuasi. Wamisionari waliandika juu ya mafundisho yake, na serikali ikaandika juu ya fujo. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya ardhi, na ibada ndiyo iliyowapa wale watu ujasiri wa kukaa pale walipoambiwa waondoke.

Daudi Zakayo Kivuli alikuwa mtu wa tabia nyingine, mpole na mwenye mpango. Alikuwa msimamizi wa shule za misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, akapatwa na Roho mwaka 1932, na mwaka 1942 akajitenga kwa amani akaanzisha kanisa lake, African Israel Church Nineveh, na nyumbani kwake Jebrok akapaita Ninawi, jina la mji ule ambao Yona alitumwa kuuhubiria ukatubu. Ijumaa aliifanya siku ya toba, kwa kuwa ndiyo siku aliyosulubiwa Yesu. Wafuasi wake wakavaa kanzu nyeupe na vilemba, wakaacha pombe na tumbaku na nyama ya nguruwe, wakawa wanatoka kwa maandamano yenye ngoma na bendera, hatua kwa hatua, njia nzima. Alipofariki mwaka 1974 uongozi ulishikwa na mkewe Rebeka Jumba, mama asiyestahili kusahauliwa katika taarikhi ya makanisa ya Kenya, naye akauongoza mji ule kwa miaka tisa kabla ya kumwachia mjukuu wake.

Kanisa hilo na ndugu zake wa Roho yalipanda Uasin Gishu katika vifurushi vya vibarua, wala hakuna mhubiri mkubwa aliyeyaleta. Na hata leo, ukipita mitaa ya Langas, kitongoji cha Eldoret, alasiri ya siku ya kazi iliyotangulia ibada, utaona juu ya michongoma kanzu nyeupe zimeanikwa zinakauka, zimeoshwa kwa sabuni ya mche na kusuuzwa kwa bluu kidogo ili weupe wake usije ukawa na umanjano, na mama mwenye kanzu amekaa karibu nazo kwenye kigoda, akiwafukuza kuku na watoto, kwa kuwa vumbi jekundu la Langas likiishika kanzu siku hiyo itabidi aanze upya, na maji hununuliwa kwa mtungi. Siku yenyewe, kabla ya kuondoka, vijana huwasha moto wa majani makavu na mabua, wakaigeuza ngoma polepole juu ya joto lake, wakiipiga kwa ncha za vidole na kutega sikio, mpaka ngozi iliyolegea kwa baridi ya usiku ikakaza na kutoa sauti ya juu. Ndipo mzee anapoinua mkono na msafara ukaanza kushuka barabarani, magari yakiusubiri. Nimewatazama mara nyingi. Mfua nguo, mlinzi wa usiku, mpika chapati wa kando ya stendi, wote siku ile wanatembea katikati ya barabara, na wenye magari ndio wanaokaa pembeni.

Nimemchelewesha Elijah Masinde kwa makusudi, maana kisa chake ni kizito kuliko vingine. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, katika ujana wake mchezaji hodari wa kandanda hata akaichezea Kenya, na Mkristo wa kanisa la Wakweka mpaka alipooa mke wa pili wakamtoa. Msambwa kwa Wabukusu ni roho za wazee waliotangulia, na dini aliyoianzisha kwa jina hilo katika miaka ya vita kuu ya pili iliwarudishia watu wake wazee wao, na Wele, Mungu wa wazee hao, na mlima Elgon, ambao waliuita Sayuni na kuuelekea katika sala. Serikali ilimtia katika hospitali ya wendawazimu ya Mathari mwaka 1945, ikamwachia mwaka 1947, na mwaka huo huo akawaongoza maelfu ya watu kwenda Chetambe, ambapo babu zao walishindwa na bunduki za Waingereza mwaka 1895, wakawafanyia ibada wafu ambao hakuna aliyekuwa amewalilia hadharani kwa miaka 52. Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakafa watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akakamatwa akapelekwa mbali.

Alipelekwa Lamu. Sijaacha kulifikiri jambo hilo tangu nilipolisoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa Lamu ndiyo mji ambao Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliwakusanya watumwa walioachwa huru na wana wa watumwa na mafukara wa pembezoni mwa mji, akawafundisha elimu ambayo wenye nasaba waliwanyima, akajenga nao Msikiti wa Riyadha, na wao wakaishi kwa kumzunguka yeye na maulidi yake kama muridi wanavyomzunguka shehe wao. Pwani tumekuwa na zawiya kwa vizazi vingi, na hatukushangaa kumwona maskini ameacha kwao akaenda kukaa kwa shehe, kula sinia moja na wenzake, na kudhikiri usiku. Serikali ilimtoa mlimani nabii wa mafukara wa bara ikampeleka katika mji ambao mafukara walikwisha kupata shehe wao. Tofauti iliyopo ni kwamba Habib Swaleh alikuwa na elimu ndefu nyuma yake na wanavyuoni mbele yake wa kumsahihisha, ilhali Masinde alikuwa na mlima na ndoto na hasira ya haki.

Hasira hiyo ilivuka ikafika kwa Wapokoti. Lukas Pkech, aliyeipokea Dini ya Msambwa na kutoroka kifungoni, alikuwa akitembea na mamia ya wafuasi wake katika nchi ya Baringo, wakiwa wameaminishwa kwamba risasi haziwadhuru na kwamba nchi ya raha inawangoja, walipokutana na askari huko Kolloa tarehe 24 Aprili 1950. Maofisa watatu wa Kizungu waliuawa na askari mmoja Mwafrika, na kwa upande wa Wapokoti watu 29, Pkech mwenyewe akiwamo, kwa hesabu ya serikali. Kisha wakanyongwa wengine, na kabila zima likatozwa faini ya ng'ombe. Baada ya uhuru marufuku iliondolewa mwaka 1964, ikarudishwa mwaka 1968 na serikali ya Waafrika wenyewe. Masinde akaendelea kuingia na kutoka jela, akafa mwaka 1987.

Sasa tuirudie Chemororoch. Uhuru ulipokuja mashamba ya masetla yalinunuliwa, mengine na wakubwa, mengine na makampuni na vyama vya ushirika ambavyo mwanachama aliuza mbuzi na baiskeli apate hisa, na Uasin Gishu ukajaa watu wa kila kabila wakiwa na karatasi mikononi. Lakini wengi wa wana wa maskwota hawakuwa na mbuzi wa kuuza. Kwa watu wa namna hiyo boma la Jehova Wanyonyi lilikuwa na maana ambayo mtu mwenye hati ya shamba hawezi kuiona upesi. Walikuja, wengine kutoka Bungoma na Trans Nzoia, wakajenga karibu na mzee, wake zake ambao magazeti yaliwahesabu kwa makumi, na watoto karibu 100, na jamaa za wafuasi, wote wakawa ukoo mmoja wenye baba mmoja. Aliyeitwa kibarua jana aliitwa mwana wa Israeli leo. Aliyekuwa hana mzee wa kumwamulia ugomvi wake na mkewe alimpata. Mzee aliahidi mambo ya mbinguni, lakini mtu hakuhitaji kungoja mbinguni ili awe na jirani wa kumpelekea uji akiugua. Mimi ninayeyasema haya nina shaka kama kanisa lolote kubwa la mjini, lenye vipaza sauti na viti vya plastiki maelfu, liliwahi kumpa maskini yule nusu ya hayo.

Na juu ya hayo yote, lililokuwa baya lilikuwa baya, na sitalifunika. Mzee yule alitangaza kwamba anayo dawa ya ukimwi, na alitangaza hayo katika wilaya ile ile ambayo, tokea mwaka 2001, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na madaktari wa Indiana, Marekani, walikuwa wamejenga mpango wa AMPATH, uliowapa maelfu kwa maelfu ya wagonjwa vidonge vya kuwaweka hai. Mgonjwa aliyekaa Chemororoch angeweza kufika Eldoret kwa matatu moja. Kila siku aliyoacha kupanda matatu hiyo kwa sababu ya neno la mzee ni siku ambayo mzee atadaiwa, kwa yeyote anayeamini kuwa kuna hisabu. Na mtu anayejiita Mungu amejiondolea wa kumsahihisha. Hapo ndipo alipowapita Kivuli na hata Masinde, ambao kila mmoja kwa njia yake aliinama mbele ya aliye juu yake.

Tumeona mahali ambapo njia hii huishia. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, watu waliomfuata Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza ng'ombe na mashamba, wakakabidhi fedha, wakaishi katika makambi wakiamshwa usiku kusali, wakila kidogo, wakizungumza kwa ishara ili ulimi usije ukatenda dhambi, mpaka Machi 17, 2000, walipofungiwa kanisani wakachomwa moto. Na pwani kwetu, katika msitu wa Shakahola, wafuasi wa Paul Mackenzie waligawiwa viwanja, wakajenga vibanda, wakavipa vitongoji vyao majina ya Galilaya na Bethlehemu na Yudea, na tokea Aprili 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa, wakiwamo watoto wengi. Majina yale yaliniuma kuliko nambari. Yalikuwa majina ya watu wanaotafuta nchi, kama yalivyokuwa majina ya Ninawi na Sayuni, na mtu mmoja aliyatumia kama mvuvi atumiavyo chambo.

Lakini baada ya Shakahola nilisikia watu wakisema, na baadhi yao ni watu wenye madaraka, kwamba wote wanaoishi pamoja kwa ajili ya dini ni wa namna moja na watawanywe. Kauli hiyo ni ile ile ya mkuu wa wilaya wa 1948. Mimi rai yangu ni kwamba boma la dini hujulikana kwa mambo yanayoonekana kwa macho: iwapo mwenye kuingia amebaki na hati ya shamba lake, iwapo watoto wanaonekana njiani asubuhi na daftari, iwapo mgonjwa anachukuliwa hospitali, na iwapo aliyeondoka aweza kurudi kumzika mama yake asizuiwe mlangoni. Kwa kipimo hicho waumini wa Kivuli wanaoteremka Langas na ngoma zao hawana uhusiano wowote na msitu wa Shakahola, na askari anayewatazama kwa jicho moja amekosa adabu na amekosa akili. Eldoret hasa haina ruhusa ya kusahau, kwa kuwa Januari 1, 2008, watu waliofukuzwa mashambani mwao kwa sababu ya kabila walikimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, wakidhani kuwa nyumba ya Mungu ndiyo mji wa mwisho usiovamiwa, wakachomwa humo, akina mama na watoto.

Yaliyoandikwa juu ya mambo haya yote, yawe ya mkoloni au ya gazeti la juzi, yanaanza siku ya bunduki au siku ya maiti. Twajua saa ambayo Kolloa ilianza, wala hatuambiwi nyimbo zilizoimbwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Twajua idadi ya wake wa Wanyonyi, wala hatuambiwi jembe lilishikwa na nani zamu ya asubuhi, mavuno yaligawanywa vipi, na binti aliyetaka kuolewa nje ya boma alijibiwa nini. Wapo Eldoret, Turbo, Soy na Kimilili wazee wa kike na wa kiume waliolelewa katika maboma hayo, wengine wametoka, wengine wamo, na umri wao umekwenda. Wewe uliyezaliwa na mmoja wao, chukua kigoda ukae naye wiki hii, umwulize waliamka saa ngapi na walikula nini, na uyaandike kama atakavyoyasema.